Mama Sindano, Mshonaji wa Njia ya Darajani

Ndugu, jamaa na majirani, nyote mliofunga milango ya kazi zenu kuja kumsindikiza mama yetu, tunawashukuru. Mimi ni binti yake wa kwanza, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Jana jioni Baba Mdogo alinikalisha akaniomba nisome kwa upole, nisitie chumvi wala pilipili. Chumvi sitatia. Hiyo nyingine sikumwahidi.

Niseme mapema, ili asije mtu akadai nilimvizia. Tangu Mama afumbe macho, kuna maneno yanazunguka hapa kwamba kabla ya kukata roho alimsamehe Mwenyekiti, yule mzee mliyempa kiti cha mbele chini ya turubai. Na kwa kuwa alimsamehe, kamati ya kijiji sasa iko huru kuliita daraja letu kwa jina la Mwenyekiti huyo, kwani sharti la kamati lilikuwa familia yetu isiwe na kinyongo. Chumba kile cha hospitali nilikuwemo. Nitafika huko. Tuanze kwanza alikoanzia mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu na msichana pekee wa fundi viatu na mkewe aliyekuwa akifua nguo za watu. Nyumba yao ilikuwa mwanzo wa njia ya darajani, upande wa soko, mlango wa bluu uliopo hadi leo. Siku hiyo mvua ilikuwa imekijaza kijito na mbao za kuvukia zilikuwa zimesombwa, kwa hiyo mkunga alikwama ng'ambo. Basi mkunga akasimama ukingoni akawa anapaza sauti ya maelekezo, jirani wa kwanza anayapokea, anampasia wa pili, hivyo hivyo kupanda njia nzima hadi dirishani kwa bibi yetu. Kila aliyepokea aliongeza na ushauri wake mwenyewe. Bibi alikuwa akisema mtoto aliona kelele zimezidi akaamua kutoka mwenyewe.

Naomba niseme kidogo kuhusu njia yenyewe, maana Mama angenishangaa nikiiruka. Inashuka kutoka sokoni hadi kijitoni, kuta za mawe kushoto na kulia, upana wake unamtosha punda mmoja aliyebeba mzigo. Punda wawili wakikutana, lazima mmoja arudi kinyumenyume, na Mama alikuwa na hadithi za koo mbili ambazo hazisalimiani mpaka leo kwa sababu ya punda. Mawe ya chini waliyatandika wakazi wenyewe, kila nyumba kipande chake mbele ya mlango wake, ndiyo maana ukishuka unapita pazuri, pabaya, pazuri. Pale kwenye mabonde yale makubwa ndipo alipokuwa akiishi kinyozi, na kinyozi alikuwa mvivu.

Kuvuka kijito nako kuna historia yake. Zamani lilikuwa gogo. Baadaye zikawekwa mbao mbili. Kisha ikafungwa kamba ya kushikia, baada ya kinyozi huyo huyo kutumbukia usiku akitoka kunywa, akiwa amekumbatia kioo chake cha kazi, na kutoka bila jeraha, kioo kikiwa kizima. Mambo haya hakuna aliyeyaandika popote. Yalikuwa kichwani mwa Mama, na watoto wa shule waliotumwa kuulizia historia ya kijiji walielekezwa kwake moja kwa moja.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya kijito, akamaliza darasa la nane mwaka 1962. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa mdomo. Masika mbao zikisombwa, watoto wa upande huu walikosa shule, na mwalimu aliwaandika watoro. Siku moja Mama alisimama darasani akamwambia mwalimu kwamba yeye anakaa upande wa shule, ahamie upande wa pili wiki moja tu, halafu ndipo aseme nani mtoro. Alichapwa viboko vyake barabara. Lakini jina lake halikuandikwa tena kwenye watoro, wala la mtoto mwingine yeyote wa njia hii.

Baada ya shule alijifunza kushona kwa shangazi yake, na mwaka 1965 akafungua chumba chake mwenyewe, kile cha mwisho kabisa kabla ya kijito. Wengi wenu mmeingia mle. Cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia iliyochongoka kona moja, pasi ya mkaa juu ya kigae, mkebe wa biskuti uliojaa vifungo ambavyo havikuwahi kufanana viwili. Cherehani aliiweka dirishani makusudi, ili asipitwe na mtu. Alikuwa akishona huku anawasalimia, anawauliza habari za wagonjwa wenu, anawakumbusha nguo mlizoacha tangu mwaka juzi. Jina la Mama Sindano mlimpa nyie. Wengine walidhani ni kwa ajili ya kazi yake. Waliowahi kujibizana naye walijua sababu ni nyingine.

Mwaka 1966 alianza kuja chumbani mle mwashi mmoja kijana, suruali yake imetoboka magoti. Waashi hupiga magoti kutwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Ila huyu alirudi, akarudi tena, kiraka juu ya kiraka, mpaka kitambaa chenyewe kikawa hakionekani. Mama akaiweka suruali mezani akamwambia: "Hii sasa ni yangu kuliko yako. Ama uniachie, ama unioe."

Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1967. Walijaliwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye sasa ni seremala, na kitinda mimba wetu muuguzi, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni wakati mambo ninayotaka kuyasema yalipotokea. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Akirudi jioni alikaa kizingitini kwa Mama, akavua viatu, akakung'uta vumbi la chokaa nje, kwa sababu likiingia ndani lingetua kwenye vitambaa na angesikia habari zake. Walikuwa wakicheka sana. Nilikuwa mdogo, lakini kicheko hicho nakikumbuka.

Sasa tufike darajani. Kwenye karatasi mlizoshika pameandikwa kwamba mwaka 1974 daraja "lilipata ajali". Mimi sikuandika hivyo. Nilichoandika kilipunguzwa kabla ya kupelekwa kuchapwa, na aliyekipunguza alidhani anatupunguzia aibu. Daraja halikupata ajali. Nisikilizeni.

Mwaka huo kijiji kilikubaliana kuachana na mbao na kujenga daraja la mawe, tao moja kubwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kazi akapewa Baba na mdogo wake, ndiye Baba Mdogo huyu. Kamati ya ujenzi ikapata mwenyekiti kijana, mwenye kalamu mfukoni na maneno matamu, ambaye hajaacha kuitwa Mwenyekiti tangu siku ile. Tao la mawe hujengwa juu ya mbao zilizopindwa. Mbao ndizo zinazoyabeba mawe mpaka chokaa ishike, na chokaa haiambiwi fanya haraka. Inataka wiki nyingi. Ukitoa mbao mapema, umeondoa miguu ya mtu aliyelala usingizi.

Na waashi wa hapa walikuwa na sheria yao, waliyoipokea kwa waliowafundisha. Siku mbao zinapotolewa, fundi aliyejenga tao husimama chini yake. Hatumwi na mtu. Anasimama mwenyewe, watu wote wakimwona, ili ijulikane hakulipua kazi. Mwashi aliyekataa kusimama chini ya kazi yake hakupata kazi nyingine.

Jiwe la katikati, la kulifunga tao, liliwekwa katikati ya Agosti. Jumamosi tarehe 24 alitarajiwa mgeni rasmi wa kulifungua daraja, na Mwenyekiti alikuwa ameahidi kwamba mgeni atapita juu ya daraja lililokamilika, si juu ya daraja lenye magongo ya mbao chini kama mgonjwa. Alhamisi tarehe 22 akashuka kijitoni na wanakamati wake na watu wa sokoni waliokuwa wakipita, akamwambia Baba atoe mbao. Baba akakataa, akaeleza kuwa chokaa bado mbichi. Mwenyekiti akasihi. Baba akakataa tena. Mama alikuwa pale. Alikuwa amempelekea chai, mtoto mgongoni, na alisikia kila neno.

Mwenyekiti alipoona kusihi hakumfikishi popote, akageuka, akawatazama watu kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika hadi juu njiani: "Wewe si unajisifu kazi yako ni nzuri? Sasa unaogopa nini kusimama chini yake?"

Watu walicheka. Baadhi yenu mliocheka mpo hapa, mmezeeka vizuri, nawaona. Baba alimkabidhi Mama kikombe kikiwa bado nusu. Akawaambia vibarua watoe mbao. Akashuka, akasimama katikati ya kijito, akatazama juu.

Tao lote lilimshukia. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Mama alimkasirikia Mwenyekiti maisha yake yote, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba alimkasirikia na Baba pia. Alikuwa akisema mwanamume anayekubali kufa ili watu wa sokoni wasimwite mwoga ni mjinga, ila ni mjinga wake yeye, na hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kumchezea. Alisema Mwenyekiti aliijua sheria ya waashi, akaishika kama mtu anavyoshika shingo ya kuku. Hakumsukuma mtu. Alitafuta tu neno ambalo fundi hawezi kulikataa mbele za watu, akalitamka.

Kikafanyika kikao cha uchunguzi. Mwenyekiti wa kikao alikuwa nani? Mwenyekiti. Kikao kilisema chanzo ni haraka na uzembe wa fundi. Mama alisimama akaeleza aliyoyasikia. Akaambiwa akae, mke wa marehemu ana majonzi, haelewi anachosema. Akawageukia waliokuwepo siku ile, akawaomba waseme. Mkaangalia viatu vyenu. Vingine ni baba yake Mama aliyevishona. Mama alirudi nyumbani na watoto watatu, na jina la mumewe likabaki kwenye kumbukumbu za kijiji kama fundi mzembe aliyejiua kwa kazi yake mwenyewe.

Daraja lililopo leo alilijenga Baba Mdogo, mawe yale yale, akamaliza mwaka 1976. Chokaa ilikaa mpaka watu wakachoka kungoja. Siku ya kutoa mbao Baba Mdogo alishuka akasimama chini, na Mama akashuka akasimama karibu naye. Mwenyekiti alikuwa juu ukingoni na hotuba yake mkononi. Mama akamkaribisha naye ashuke, nafasi ipo. Mwenyekiti akasema ana kikohozi. Sasa hilo ndilo daraja wanalotaka kuliita kwa jina la mwenye kikohozi.

Kuanzia hapo marehemu alikuwa na kazi mbili, kushona na kukumbusha. Mtu hakuvuka daraja akiwa mgeni ila alijua, kabla hajafika sokoni, nani alikufa chini yake na neno gani lilimuua. Aliwaeleza wauza mboga, wakaguzi wa shule, watu wa kuhesabu watu, kijana aliyekuja kurekebisha mita ya maji. Watoto wa shule aliwapa historia ya njia yote, kinyozi na kioo chake, punda na magomvi yao, halafu akamalizia na Baba. Mwalimu mmoja alimwomba asiwaeleze watoto mambo mazito. Akamjibu kwamba mawe yalikuwa mazito zaidi.

Mwenyekiti akaacha kupita njia hii. Mtu anayekaa mita chache kutoka darajani akawa anazunguka barabara kuu, anapita nyuma ya soko, jua kali, matope, hata alipoanza kutembea na mkongojo. Mama alikuwa akimwona kwa mbali, anasimamisha cherehani, anasema, "Zunguka baba, zunguka, miguu ni yako." Kisha anaendelea kushona. Nakiri nilifurahia kumwona akizunguka, na hadi leo nafurahia.

Kuna mwaka Mwenyekiti alimtuma mtu na suruali mpya ikatwe miguu, akidhani Mama hatamjua mwenyewe. Mama alijua kiuno cha kila mtu wa kijiji hiki. Alikata miguu sawasawa, akapiga pasi, akashona mifuko yote minne ikafungika, tena kwa mshono mzuri usioonekana. Aliyetumwa alipouliza, akaambiwa mwenye suruali hana haja ya mifuko kwa sababu hajawahi kubeba lililo lake. Suruali haikurudishwa kulalamikiwa.

Lakini binti wa Mwenyekiti alipotaka kuolewa na akaja mwenyewe kushonewa gauni, Mama hakumfukuza. Alisema msichana hakumwambia Baba neno lolote baya. Alimshonea gauni ambalo hadi leo halijatokea jingine kama hilo hapa, na mwenyewe yupo, ataniambia kama nasema uongo. Ila siku ya kujaribu, bibi harusi akiwa amesimama juu ya kigoda, pini zimemzunguka mwili mzima, hawezi kuinama wala kukimbia, Mama alimsimulia kila kitu tangu mwanzo. Binti alilia. Mama akamfuta machozi, akamwambia asilie kwenye hariri, inashika madoa.

Watu wengi walimwomba marehemu aachane na mambo haya. Kiongozi wetu wa ibada alikuja si mara moja. Mama alimpikia chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa adabu kwamba yuko tayari kusamehe siku yoyote, hata sasa hivi, lakini hajaombwa. Alisema hawezi kumpelekea mtu msamaha nyumbani kwake kama mzigo aliousahau sokoni. Aje, aseme alichokifanya, aombe. Mlango uko wazi na cherehani iko dirishani. Hakuja.

Marehemu alianza kuugua mapema mwaka huu. Ilianza kama uchovu, kisha miguu ikavimba, na daktari akatuambia moyo umechoka. Mama alisema si ajabu, ameufanyisha kazi. Aliendelea kushona hadi Julai, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mwezi Septemba tulimlaza hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, kwa sababu alikataa cha katikati. Kitinda mimba wetu alikuwa akimhudumia mchana na mimi nikilala naye. Katika ugonjwa wake wote hakulalamika, isipokuwa kuhusu shuka za hospitali, ambazo alisema pindo zake zimeshonwa na adui.

Jumanne tarehe 8 Oktoba, alasiri, Mwenyekiti alikuja. Wenzake wawili wa kamati walibaki nje kwenye benchi la ukumbini. Aliingia peke yake. Ndani tulikuwa Mama, mimi na yeye, na mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa usingizini. Nilimpa kiti. Mama alinifundisha kumpa mgeni kiti, hata huyu.

Akamsalimia, akampa pole, akasema sisi sote sasa ni wazee na safari ni moja. Akasema kijiji kinataka kumuenzi yeye kwa kuliita daraja jina lake, na yeye asingependa jambo hilo lipite bila wao wawili kupatana. Halafu akasema, "Mama, tusameheane."

Mama alimtazama. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, lakini ilikuwa ile ile. "Mimi nilikukosea nini?"

Mama akaniomba nimwinue, nikamwekea mto mgongoni. Akamwambia: "Sema hapa, mbele ya mwanangu, maneno uliyomwambia baba yake. Yale yale. Ukiyasema, nimekusamehe kabla hujafika mlangoni, na daraja liite utakavyo."

Ndugu zangu, naapa mbele ya jeneza hili kwamba aliyasema hayo na kwamba alimaanisha. Nilimwona Mama akingoja. Alikuwa anataka kusamehe. Miaka hamsini alikuwa anataka, na nilikuwa sijui mpaka nilipouona uso wake alasiri ile, kama mtu anayengoja mlangoni na begi lake. Nilimwombea huyu mzee moyoni. Nilisema, Mungu wangu, mpe ulimi huyu mtu, aseme, mama yangu apumue.

Mwenyekiti aliangalia chupa ya maji ya dripu. Akaniangalia mimi. Akaangalia mlango, kama umefungwa au hapana. Akasema, "Mama, mambo ya zamani hayo."

Mama akageukia ukutani.

Nilimtoa mgeni hadi ukumbini, na kwa masikio yangu nikamsikia akiwaambia wenzake wa kwenye benchi, "Tumeyamaliza." Wakampa mkono. Mmoja akafuta machozi. Niliporudi ndani Mama akaniuliza kama amekwenda. Nikamjibu amekwenda. Akaniambia, "Funga mlango." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo wanakamati, nawajibu kwa niaba ya familia. Mliuliza kama tuna kinyongo. Tunacho. Tumekirithi kikiwa kizima, tutakitunza, na tutawafundisha wajukuu wa marehemu mahali pa kukishikia. Baba Mdogo ameinamisha kichwa, na najua anataka nimalize. Namaliza.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, shemeji yake aliyelijenga daraja, wifi wawili, na wanagenzi wa ushonaji aliowalea kama wanawe. Ameacha nguo nyingi za watu zilizokamilika, njooni mzichukue. Na ameacha mtu mmoja ambaye aliombwa maneno machache, akashindwa.

Apumzike kwa amani mama yetu, mke wa fundi ambaye hakuwa mzembe.

Ratiba inasema anayefuata kuzungumza ni Mwenyekiti, na nasikia amejiandaa kutueleza jinsi walivyopatana. Sitakalia zamu yake. Hali ni tofauti kidogo na hospitalini, Mwenyekiti, maana leo tuko wengi, na mlango haupo. Mama hawezi kukusamehe tena, umechelewa kwa siku chache. Lakini maneno yenyewe bado unayajua, na waliocheka wako hapa watakusaidia ukisahau. Ninashuka sasa. Mpisheni apite.